Namna ya kuandika wimbo wa kantri wa toba bila kumgeuza mtu wako pasta kwa ubeti wa tatu

Wacha nianze na siku niliyoaibika. Nilikuwa nimeandika wimbo wa kantri kwa Kiswahili, nikaona nimeweza, nikaenda kuuimba kwa joint moja hapa Nairobi yenye huwa na usiku wa kantri, wale watu wa kofia za kaoboi na buti, nyama choma mezani, Kenny Rogers na Don Williams mpaka saa saba. Wimbo ulikuwa wa mzee mlevi, ameweka cherehani ya bibi yake rehani kwa shailoki, bibi analia, watoto wanalala njaa, halafu ubeti wa tatu mzee anaingia kanisani, anaokoka, korasi inapanda, haleluya, mwisho. Watu wakapiga yale makofi ya heshima, ya "tumesikia, sasa kaa". Nikiwa narudisha gita kwa mfuko, mama mmoja mhudumu aliyekuwa anakusanya chupa akaniuliza polepole kabisa, "Na cherehani ilirudi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempeleka mzee mbinguni nikaacha cherehani kwa shailoki. Njia nzima kwenda home najiuliza tu, kwani ilirudi ama haikurudi, na kama haikurudi huyu mzee ameokoka kutoka wapi hasa?

Kwa hivyo hii ndio njia natumia siku hizi kama nataka stori ya imani na toba isimame ndani ya kantri. Usiichukue kama sheria, mimi mwenyewe nimeijulia kwa kuaibika.

Anza na kitu, dhambi itajileta

Neno ukombozi tumelisikia kanisani mpaka limelainika kama noti ya zamani ya mia. Lakini hebu lirudishe lilipo. Kukomboa ni lugha ya rehani. Umeacha mali yako kwa mtu, akakupa pesa, sasa unarudi na pesa yake na faida juu, unachukua mali yako unaenda nayo. Ni neno la dukani kabla hujalipeleka madhabahuni. Na ukilishika hivyo wimbo unaanza kujiandika, juu sasa unahitaji kitu kilichowekwa, mtu aliyebaki bila hicho kitu, na mtu wa kwenda kukitoa, na bei. Bei usisahau. Wimbo wangu wa kwanza haukuwa na bei, mzee alilia machozi mbele ya kanisa na deni likaisha, shailoki gani huyo.

Kitu chenyewe kichague vizuri. Shailoki wa mtaani anashika chochote, TV, mtungi wa gesi, simu, kompyuta, logibuku ya boda, lakini si kila kitu kinaimbika. TV ikienda watu wanakosa mechi. Cherehani ikienda, mikono ya mtu inakosa kazi, sare za watoto wa majirani zimekwama nusu, na ndani ya nyumba kuna kimya ambacho jana hakikuwepo. Kitu cha wimbo ni kile chenye jasho la mtu mwingine. Aliyekibeba usiku kwenda kukiweka rehani si yeye aliyekitolea jasho, na hapo uzito umeingia na bado hujatamka neno dhambi hata mara moja.

Dolly Parton alifanya hivyo na koti mwaka wa 1971, kwa wimbo wake Coat of Many Colors. Mama anashonea mtoto koti la viraka, na huku anashona anamsimulia Yusufu wa kwenye Biblia na koti lake. Mtoto anaenda shule nalo anachekwa. Hapo hakuna mahubiri. Biblia imeingia nyumbani kwa njia ya sindano, na ukishaliona koti umeshaamini.

Halafu nenda ukakiangalie hicho kitu. Usikiandike kutoka kichwani. Kabla nianze wimbo upya nilikaa na fundi mmoja wa nguo kama masaa mawili, anashona sare, mimi naangalia tu, akanipea kiti na akaacha kunijali. Kanyagio la chuma limelainika upande mmoja, pale mguu wa kulia hukaa. Mkanda wa ngozi umeunganishwa na kipande cha waya. Maandishi ya dhahabu kwa mwili wa mashine yamefutika pale tu kiganja hupita, kwingine yako. Akimaliza mshono anakata uzi kwa meno, mkasi uko hapo kando na hautumii. Nikamuuliza mashine kama hiyo ikiharibika huwa inakuaje, akasema, "Hii haiharibiki. Huwa inachukuliwa." Nikaandika hiyo kwa daftari na nikaaga.

Jumamosi usiku iwe Jumamosi kweli

Mwaka wa 1927 mtu wa kampuni ya rekodi alienda Bristol, mji mdogo uko mpakani mwa Tennessee na Virginia, akaita wanamuziki wa huko waje waimbe. Ndani ya hizo siku chache akapata Carter Family, watu wa nyimbo za kanisani na za msiba, na akapata Jimmie Rodgers, mtu wa reli, ambaye nyimbo zake zilikuja kujaa treni na jela na mambo ya usiku. Kantri yote iliyofuata imekuwa ikivutana kati ya hizo nyumba mbili. Na huyo Rodgers alitufikia mapema, 1950 Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika akikusanya nyimbo za watu, akirekodi huko Kapkatet, Kericho, alikuta wasichana wa Kipsigis wanaimba Chemirocha, ni jina la huyo huyo Jimmie Rodgers limepitia kwa ulimi wa Kikalenjin, na kwa wimbo wao amekuwa nusu mtu nusu paa. Mtu akikwambia kantri si ya kwetu mwambie akaulize Kericho.

Sasa shida yetu ni hii. Wengi wetu tumejifunza stori ya toba kwa ushuhuda, na ushuhuda wa siku hizi una haraka. Bwana asifiwe, naitwa fulani, nilikuwa kwa dunia, nikafanya yale ya dunia, lakini namshukuru Mungu. Yale ya dunia ni yapi? Kanisani hakuna mtu atakuuliza, ni adabu mbaya. Kwa kantri utaulizwa, na usipojibu makofi ni yale ya heshima. Kwa hivyo sema. Alikunywa wapi, na nani, aliimba nini akirudi, alimdanganya bibi yake kwamba cherehani imepelekwa wapi. Mimi niliandika alisema imeenda kutiwa mafuta. Huo uongo mdogo ulifanya kazi kuliko chupa zote nilizokuwa nimepanga kwa ubeti wa kwanza, nikazifuta chupa.

Na mwache afurahie kidogo. Hiyo watu wa kanisa hawapendi kusikia lakini kama Jumamosi haina utamu basi Jumapili haijamgharimu kitu.

Wazee wa Tukutendereza walijua hii maneno kutuliko, wale wa ule uamsho uliotoka Rwanda ukaenea Afrika Mashariki miaka ya 1930. Kwao kukiri kulikuwa kwa wazi, kwa jina la kosa, na aliyeiba alitarajiwa kurudisha. Ukisoma Luka 19 utaona Zakayo (yule wa mti wa mkuyu, acheni siasa) hasemi amejisikia vibaya. Anataja hesabu, nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Huyo ni mtu wa kantri kabisa, kilichobaki ni gita. Na mimi nikiandika wimbo wake singeandika ule mti, kila mtoto wa Sunday school amepanda ule mti. Ningebuni mjane mmoja huko Yeriko anasikia hodi jioni, anachungulia, anaona mtoza ushuru amerudi, na anajua amekuja kuchukua tena.

Nani anaimba?

Ukimpa mlevi maikrofoni atajitetea. Hata akijilaumu bado anajitetea, tunawajua. Mpe aliyeumia. Ile stori ya mwana mpotevu imeimbwa na baba na imeimbwa na mwana mpaka imechoka, lakini kuna yule kaka mkubwa amesimama nje, anasikia ngoma, hataki kuingia, na Luka anamwacha hapo hapo uani bila kutuambia kama aliingia. Ukiandika kutoka kwa mguu wake una wimbo.

Wangu nilimpa msichana wa miaka tisa, yeye ndiye aliona baba akitoka na cherehani usiku, amefunika na shuka, na alinyamaza. Kwa hivyo sasa ana deni lake pia. Sikuwa nimepanga hivyo, ilitokea tu baada ya kubadilisha msimulizi, na ndio sababu nasema badilisha mapema kabla hujapenda mistari yako.

Ukitaka kuona msimulizi akitumika kama kisu, sikiliza Three Wooden Crosses ya Randy Travis, ilitoka 2002. Basi la usiku, watu wanne, mkulima, mwalimu, mhubiri na kahaba, ajali, misalaba mitatu kando ya barabara. Hesabu haifiki nne, na unakaa wimbo mzima ukijua mmoja alipona na hujui nani, unadhani ni mhubiri juu umezoea. Mwisho unagundua stori inasimuliwa na mchungaji mwingine madhabahuni, ameshika Biblia yenye damu, na hiyo Biblia mhubiri akifa aliiweka kwa mikono ya mama yake. Yaani kahaba ndiye alibaki, na huyu ni mtoto wake. Angalia tena, ni kitu. Kitu kimehama mkono. Hakuna ubeti wa kahaba akilia sakafuni, tumepewa Biblia na mtoto, hesabu tumalizie wenyewe.

Mungu aingie na mlango gani

Asiingie na kwaya. Stori husimuliwa kwamba Hank Williams alipata I Saw the Light wakirudi usiku kutoka shoo, mama yake akaona taa za uwanja wa ndege akasema ameona taa, wamekaribia Montgomery. Wimbo ambao leo unaimbwa kanisa nzima umesimama ulianzia kwa taa za airport na mtu amechoka kwa gari. Sasa wewe una Nairobi nzima. Una taa za Thika Road stima ikirudi, una makanga anasema "shukisha hapo mbele", una mvua ya Aprili kwa mabati, una mlinzi anasoma Biblia na tochi ya simu saa tisa. Tumia hizo kwanza. Ukikosa kabisa ndio uende kwa msalaba.

Mimi nilimtoa mzee kanisani kabisa kwa toleo la pili. Anaacha pombe kwa ubeti wa pili na hatuambiwi kwa nini, tunaona tu amekaa kwa ngazi ya kanisa Jumapili, nje, anangoja watu watoke ndio abebe viti vya watu kwa malipo. Anabeba viti wiki arubaini. Hiyo ndio bei niliyokuwa nimeikosa.

Kiswahili kwa melodi

Hapa ndio watu wengi huanguka na hawajui wameangukia wapi. Kantri imejengwa juu ya maneno mafupi ya Kiingereza, silabi moja moja, na wewe unakuja na "nilikuwa" silabi nne na hujasema kitu bado. "Nimeokoka" ni tano. Kata. Tumia ile ka ya hadithi kama malenga wa zamani, kaweka, kabeba, karudi, inaenda mbele haraka na inasikika kama mtu anasimulia. Angalia pia mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na melodi nyingi za kantri zinapenda kutua na nguvu kwa silabi ya mwisho, sasa ukiimba nyumbaNI unasikika kama mtalii. Vuta ile ya nyuma yake, nyumbaaa-ni, na ya mwisho uiangushe tu kama mtu anaweka kikombe mezani.

Vina ni mtego mwingine. Lugha yetu inagawa vina bure, kila kitu kinaisha na a, kwa hivyo kina cha silabi moja hakuna mtu atakisikia. Taka mbili. Na ukikaa na maneno yako muda mrefu kuna siku yatakupa zawadi, mimi niliimba huo wimbo miezi kadhaa kabla nione kwamba cherehani ina rehani ndani yake. Neno zima limelala humo. Nilicheka peke yangu kwa matatu, jirani akasonga. Nikaamua basi neno cherehani silitaji kabisa kwa ubeti wa kwanza, msikilizaji alisikie likiwa halipo:

Ilikaa dirishani
miguu yake ya chuma,
baba kaweka rehani,
kiti kikabaki nyuma.

Nane nane, uzihesabu. Hicho kiti ndicho najivunia, kinaangalia dirisha na hakuna kitu mbele yake.

Kuhusu gita sina mengi, G, C na D zinatosha, na kama huna mtu wa ngoma chukua karatasi uipitishe kati ya nyuzi karibu na shingo, uzibane kidogo. Johnny Cash alifanya hivyo walipokuwa wameanza bila ngoma, inatoa ule mlio mkavu wa tak-a-tak kama treni. Kwa wimbo wangu ilitoka kama kanyagio la fundi. Sasa kwa ubeti wa kwanza natia karatasi, baba akiondoka na mashine naichomoa, na nyimbo inaendelea bila. Risiti ya supamaketi inafanya kazi poa kuliko karatasi ya daftari.

Mwisho usinyooshe

Tarehe 13 Januari 1968 Cash aliimba ndani ya gereza la Folsom, California, na wimbo wa kufunga ulikuwa Greystone Chapel, kuhusu kanisa lililo ndani ya hilo gereza. Aliyeuandika ni mfungwa wa hapo, Glen Sherley. Mchungaji aliyekuwa akiwatembelea wafungwa alimfikishia Cash kanda, Cash akaujifunza usiku wa kuamkia shoo, na Sherley alikuwa ameketi mbele akisikia wimbo wake bila kujua ungeimbwa. Ungeishia hapo, ni stori tamu sana ya ukombozi. Lakini Sherley alitoka 1971, Cash akamchukua kwa kundi lake, mambo hayakukaa, na 1978 akajiua. Hank naye aliyeona taa alikufa 1953 siku ya mwaka mpya, kiti cha nyuma cha gari, miaka 29, na pombe haikuwa imemwacha. Siandiki haya kuharibu imani ya mtu. Ni kwamba wasikilizaji wako wana mjomba kama huyo, aliyeokoka mara tatu, na wakisikia wimbo unasema kila kitu kilinyooka watajua hujawahi kaa na huyo mjomba. Acha kitu kimoja kikiwa bado kimepinda.

Kwangu, cherehani inarudi. Nilimjibu yule mama, ingawa imenichukua muda. Baba anailipia, faida na yote, anaileta na mkokoteni mchana watu wakiona, anaiweka dirishani, anasema "Mama Shiku, hiyo hapo," na maneno yake yameisha, hiyo tu. Hakuna msamaha unaosemwa. Mama anakaa kwa kile kiti, kwanza anafuta vumbi, anasukuma kanyagio kidogo kujaribu. Karatasi inarudi kwa nyuzi hapo.

Mama kapitisha uzi
bila kutazama mtu,
koti la baba la juzi
akaliziba, kimya tu.

Amemsamehe ama ameshona tu? Mimi najua nafikiria nini na sitaandika ubeti wa tano kusema.

Kabla upeleke wimbo jukwaani mwimbie mtu ambaye mikono yake iko kazini, anayemenya viazi ama anayefua, si mwanamuziki mwenzako, mwanamuziki atakusifia kodi (za gita, si za KRA). Akisimamisha mkono mahali, weka alama hapo. Akikuuliza kitu kilienda wapi, rudi nyumbani ukakitafute.

Yule mama wa chupa bado sijamwimbia toleo jipya, nilirudi mara mbili sikumpata, wakasema ana zamu zingine. Na kabla nimpate nataka nirekebishe hiyo "la juzi", inajulikana kabisa imeletwa na kina, hakuna mtu huita koti la juzi. Nahitaji silabi nane zinazoisha na uzi na zina koti ndani. Mbuzi nimekataa.